Tulimwacha Mlimani

Ifakara,
mwishoni mwa mwezi wa sita

Dada yangu Kristina,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Nakaa kuandika nikiwa mzima, namshukuru Mungu, na naomba karatasi hii ikukute wewe na shemeji mmeamka salama, mpunga umeshaingia ndani, na kile kikohozi chako cha vumbi la kupeta kimetulia. Huku Ifakara baridi ya mwaka huu si ya mchezo. Asubuhi hata wauza uji wamejifunga vitenge kichwani mpaka macho, na mimi cherehani naianza jua likishapanda, kwa sababu vidole havitaki kushika uzi. Watoto wote hawajambo. Teddy amejifungua salama, mtoto wa kiume, na masikio yake ni ya Baba kabisa, yale ya kusimama. Nilipomwona nilicheka, halafu nikalia kidogo. Sababu ya kulia utaiona mbele.

Utashangaa kupata barua wakati simu tunazo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu wewe ni dada yangu mkubwa. Ukisema Kandida hebu ngoja kwanza, mimi hungoja. Nimengoja hivyo tangu sina meno ya mbele. Kwenye karatasi hakuna wa kuniambia ningoje. Nimempa kondakta wa basi la Malinyi akuletee mkononi. Nakuomba uisome peke yako, uisome mpaka mwisho.

Nianze na ile safari niliyokueleza Pasaka. Unamkumbuka Festo, mwalimu, kiongozi wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Ujanani alibeba mizigo ya watafiti kwenye milima ya Udzungwa, na tangu hapo mlima haujamtoka moyoni. Kwaresima alituambia kwamba Wakristo wa siku hizi tunaenda kuhiji kwa kukaa kwenye viti vya basi na kula mahindi ya kuchoma, tukirudi tumenenepa. Akasema mwaka huu wenye miguu wapande naye mlima, mabegi mgongoni, walale kwenye mahema msituni, washukie upande wa pili kwa Wahehe. Akachagua mwezi wa saba, wakati wa kipupwe, kwa sababu mvua zimekoma, vijito vimepungua na ruba hawajai kwenye majani. Ubaya wake ni baridi. Alisema kule juu usiku wa kipupwe mtu hujua kama kweli anampenda jirani yake, maana hema ni moja na blanketi halitoshi.

Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alipochora njia kwa chaki ubaoni, njia ilipita kwenye mahame yetu, pale kina Baba walipokaa kabla watu hawajashushwa bondeni enzi za vijiji. Dada, tangu utoto mimi mlima ule nauona kila siku nikifagia uwanja. Nikikuuliza Mama yuko wapi, ulikuwa unanyoosha kidole kule, unasema maneno yale yale ya Baba, kwamba tulimwacha mlimani. Basi. Hakuna aliyeongeza. Na mimi nilielewa kama anavyoelewa kila mtu. Watu wakitoka kuzika si husema tumemwacha kwenye nyumba yake? Nikajua Mama amezikwa kule, kaburi halina hata jiwe, na nyasi zimeshalala juu yake. Kwa hiyo nilipoona ile chaki imepita pale, nilijisemea kwamba Mungu amenifungulia mlango, nitamwekea mama yangu msalaba kabla magoti hayajagoma.

Uliponijibu Pasaka kwamba mlimani kuna tembo na chui, na kwamba mwanamke wa umri wangu hapandi kama mbuzi, nilichukulia ni upendo. Bado nakumbuka ulivyoshika kikombe cha chai kwa mikono miwili bila kunywa.

Matayarisho yalitufurahisha sana, sitaki kukuficha. Mabegi ya mgongoni tuliyatafuta kwenye mitumba, tukachagua yenye mikanda ya kiunoni kama alivyotufundisha Festo, maana mzigo ukibebwa na mabega peke yake kesho yake huamki. Mimi nilishona vifuniko vya mvua kwa turubai la zamani, kila mtu na chake. Mizigo tulikwenda kuipima kwenye mizani ya mpunga, pale kwenye mashine ya kukobolea. Mwenye mashine akauliza kama tunakoboa au tunauza na pumba zake. Rafiki yangu Levina alifunguliwa begi mbele ya watu, wakakuta chupa kubwa ya chai, pasi ya mkaa na viatu vya kisigino. Festo akamuuliza kule juu amealikwa harusi ya nani. Levina akasema hajui, lakini kama ipo hatakwenda amekunjamana. Watu walicheka mpaka vumbi la pumba likawapalia.

Begi langu nalo lilizidi. Kosa lilikuwa la msalaba. Nilimwambia fundi wa kuchomelea anitengenezee wa chuma, vipande viwili vya kufunga kwa boliti ili niweze kuubeba, na bati dogo lenye jina, Monika Sikitu. Festo alisema nitoe kitu. Nikatoa blanketi. Aliniangalia, akalirudisha blanketi kwangu na kuuweka msalaba kwenye begi lake.

Jumamosi tulikuwa tunafanya mazoezi kwenye barabara ya Idete, mabegi tumejaza mchele. Vijana wa bodaboda walitufuata wakipiga kelele kwamba akina mama wanahama, kwani maji yamefika wapi? Tukakutana na mzee mmoja wa Kisukuma na ng'ombe wake, akatuamkia kwa heshima, halafu akauliza taratibu kama huko tulikotoka punda wote wamekufa. Levina alimjibu kwamba hawajafa, mmoja ndiye huyu hapa, akanionyesha mimi. Nilikuwa na furaha, dada. Nililala mapema na kuamka mapema, na kila rozari niliyosali niliitoa kwa safari ile.

Halafu Jumapili moja baada ya sala ya jumuiya nikaona watu wanaaga haraka haraka. Festo akaniita pembeni. Alianza mbali, habari za wale waliobaki na vyombo Israeli ilipokwenda vitani. Mwisho akasema wameonelea kwamba safari inahitaji mtu wa kubaki chini anaiombea, na kamati yote imeniona mimi. Nikasema rozari huwa naisali hata nikipanda. Hakucheka. Nikamtazama Levina. Levina alikuwa anafuta vumbi kwenye kiatu kilichokuwa hakina vumbi.

Nilirudi nyumbani nimevaa lile begi, kila mtu njiani ananiuliza safari lini, namwambia karibu. Kilichoniuma si mlima kwanza. Kilichoniuma ni Levina. Tumelia wote kwenye misiba ya waume zetu, halafu anakaa kwenye kamati, ananyoosha mkono niondolewe, na usoni haniambii. Wiki ile sikwenda kukomunika. Nilikaa kwenye benchi watu wanapita mbele yangu, nikasema Bwana, mimi leo siwezi, nina mtu moyoni na sijamtoa.

Levina alishindwa yeye kwanza. Alikuja na samaki wabichi kwenye ndoo, akaanza kuwaparua kwenye uwanja wangu bila kukaribishwa, kama mtu aliyekuja kufanya kibarua. Nikamwacha. Alipofika kwa samaki wa mwisho alisema nisimchukie, yeye hakutaka nifie mlimani. Nikauliza nife kwa ugonjwa gani. Akasema wa moyo. Akaniambia hivi: dada yako Kristina amenipigia simu analia, kwamba una presha ya kutisha, kwamba daktari amekukataza hata kupanda ngazi, na kwamba wewe unaificha. Na kwamba nisikuambie amenipigia, kwa sababu utaona aibu.

Nilikaa chini palepale kwenye magamba. Dada, mimi presha sina. Kesho yake nilikwenda kupima mbele ya Levina, na muuguzi akauliza huyu mama anafanya mazoezi gani. Levina akaanza kuniomba radhi kwa sauti, wagonjwa wote wanageuka, akaahidi hadharani kunibebea chupa ya chai mpaka kwa Wahehe. Nilimsamehe kabla hajafika mlangoni. Yeye aliambiwa uongo na mtu aliyemwamini. Lakini nilijiuliza usiku na mchana kwa nini wewe uuseme. Nikakutafutia sababu nzuri. Nikasema ni wasiwasi tu, dada aliota ndoto mbaya. Nilikuwa bado upande wako.

Sasa nisikilize vizuri. Nilikwenda kwa Festo kumwonyesha karatasi ya kipimo. Alifurahi, akasema nafasi yangu ipo, na akampigia palepale mwenyeji wetu wa upande wa pili, Mhehe mmoja anayeitwa Fridolin, aongeze mtu kwenye malazi. Simu aliiweka kwa sauti ya juu, kuku wote wanasikia. Festo na Fridolin ni watu wa kutaniana, kila mmoja humuulizia mwenzake kama ameshazikwa. Basi Festo akamweleza kwamba huyu mama anayeongezeka ana shughuli kwenye yale mahame, amtafutie mzee anayejua makaburi ya zamani. Fridolin akauliza kaburi la nani. Festo akasema la Sikitu, mke wa Polikarpo, Mpogoro aliyeshuka Idete.

Yule bwana alicheka, dada. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema safari hii Festo umenipata, huu utani wako ni mkubwa, kumchimbia kaburi bibi wa watu aliyeninyima viazi jana. Festo akasema hatanii. Fridolin akasema na yeye hatanii. Bibi Sikitu yupo, nyumba yake iko nyuma ya kanisa la kigango, macho yake hayaoni vizuri lakini mdomo wake ni mzima, na siku zote husema ana mabinti wawili bondeni, Kristina na Kandida.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka nilipika na kuwasahau waliotakiwa kula.

Nilikwenda kwa Padre kabla ya kwenda kwa mtu mwingine, kwa sababu kilichonisumbua zaidi kilikuwa ni misa. Wewe unajua. Kila Novemba, siku ya marehemu wote, napeleka nia ya misa kwa roho ya Monika Sikitu. Nilimuuliza Padre zile sala zimekwenda wapi, kama nimemkosea Mungu au nimemroga mama yangu kwa kumwombea pumziko la milele huku yeye anapalilia viazi. Padre aliziba mdomo na mkono, naona alikuwa anacheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Alisema hakuna sala inayopotea, na kwamba labda ndizo zilizomfikisha uzee huo. Hilo lilinituliza kwa upande wa Mungu. Kwa upande wako halikunituliza. Kwa sababu kila Novemba wewe ulikuja kutoka Malinyi, ukasimama kando yangu kwenye benchi. Mimi nikisema raha ya milele umpe ee Bwana, nani alikuwa anaitikia na mwanga wa milele umwangazie? Ulikuwa wewe, dada. Kwa sauti yako nzuri ile. Na tukitoka nje ulikuwa unanifuta machozi kwa ncha ya kitenge chako.

Nimeshaongea na Mama, kwa simu ya Fridolin. Siku ya kwanza tulikuwa tunalia tu, dakika za Fridolin zinaisha. Siku ya pili alinieleza. Kipogoro chake kimeingiwa na Kihehe, lakini nilielewa vyote. Alisema malori yalipokuja kuwashusha watu yeye alikuwa upande wa pili anamuuguza mama yake mzazi. Baba alimtumia neno arudi, hakuweza, mgonjwa alikuwa mahututi. Aliporudi baada ya mazishi akakuta nyumba zimebomolewa. Akashuka kwa miguu mpaka Idete, akatukuta. Mama yetu wa kambo, Mama Jenifer, alikwishaingia ndani, tumbo linaonekana. Baba akamwambia palepale uwanjani kwamba mwanamke aliyemwacha mlimani ameshakufa kwake, na asikanyage tena. Anasema wewe ulikuwa mlangoni umenibeba mgongoni. Anasema nilikuwa nimelala, na wewe ulimtazama, halafu Baba akakuambia ingia ndani, ukaingia.

Kwa hilo sikulaumu hata kidogo. Ulikuwa mtoto. Baba akisema, nani alijibu? Ulinyamazishwa, na ulinibeba, na mzigo ule ulikuwa mzito kuliko begi lolote la Festo. Ningeambiwa hayo peke yake, ningepanda basi kuja kukukumbatia.

Lakini Baba amekufa, na Mama Jenifer amekufa, na sisi wote wawili tumekuwa bibi. Mama anasema mwaka ule aliposhuka kutibiwa macho hapa hapa Ifakara, alikutumia mtu, ukaja ukamkuta wodini. Ifakara, dada, mwendo wa miguu kutoka kwenye cherehani yangu. Uliketi naye, ukamletea ndizi. Alikuomba unilete japo anishike uso, kwa kuwa kuniona asingeweza, macho yalikuwa yamefungwa bandeji. Ukamwambia Kandida anajua yote, na Kandida amesema hataki.

Hapo ndipo ninapokwama. Uliniwekea mdomoni maneno ambayo sikuyasema, ukamkabidhi mama yangu akapande nayo mlima. Anasema aliyaamini, kwa sababu aliona ni haki yangu kukasirika. Alinisamehe kosa ambalo silijui. Na wewe siku ile ulipotoka kwake ulipita kwangu. Nimekumbuka. Ulikuja na ndizi, ukala wali kwangu, ukasema ulikuwa na safari ya mjini.

Nimejiuliza sana. Jibu ninalolipata nalichukia, lakini nakuandikia. Nilipokuwa mdogo, kila nilipoita mama, uliyekuja ni wewe. Nadhani ulizoea. Nadhani uliogopa kwamba nikimpata yeye utabaki dada tu. Kama ni hivyo, ungeniuliza. Ningekuambia kwamba moyo wangu ulikuwa na nafasi mbili. Kama sivyo, niambie ilivyo, lakini usinipigie. Uniandikie, ili na wewe pasiwe na mtu wa kukuambia ungoje.

Tunaondoka wiki ya pili ya mwezi wa saba. Festo amebadilisha mpango, mahame tutayapita bila kulala, tufike upande wa pili mapema. Nguo za baridi ninazo, unga na dagaa tumegawana, Levina ameacha pasi. Kwenye begi nimempakia Mama sweta na kanga ya picha ya Bikira Maria. Siendi kwa hasira. Hasira yangu iko upande wako tu, na naisali kila jioni, lakini nisikudanganye, bado ipo nzima. Nikifika kwenye Baba Yetu, pale pa kuwasamehe waliotukosea, huwa napapita polepole, na siku nyingine napanyamazia. Nafasi kwenye safari bado ipo. Sikuiti, na sikukatazi. Nisingependa kutembea nyuma yako kwa sasa, lakini mlima una watu wengi, unaweza kutembea na wengine.

Msalimie shemeji, umwambie mbegu ya mpunga aliyonipa ilizaa vizuri. Wasalimie watoto na wajukuu wote kila mmoja kwa jina lake. Levina anakusalimia, anasema hana kinyongo lakini namba yako ameifuta. Festo na jumuiya nzima wanakusalimia. Teddy na mwanawe wanakuamkia.

Na Mama anakusalimia. Ameniuliza kama bado unaogopa radi, na kama huko kwako yupo wa kukushika mkono inaponguruma. Nilimwambia sijui, nitakuuliza.

Mdogo wako,
Kandida Polikarpo